Simu Ngumu: Namna ya Kuichagua, Kuilinda na Kuibadilisha Bila Kuipotezea Ugumu Wake

Mvuvi wa Mafia, fundi anayepanda nguzo za umeme, dereva wa bodaboda na mwongoza watalii wa Kilimanjaro wote wana sababu nzuri ya kuongeza fedha kidogo na kununua simu iliyotengenezwa kustahimili maji, vumbi na kuanguka. Tatizo ni kwamba wengi, wakishainunua, huamini kuwa ugumu wake umo katika plastiki nene na pembe za chuma, na kwa hiyo hautaondoka kamwe. Ukweli ni kwamba kinachozuia maji ni vitu vidogo mno: utepe wa gundi unaozunguka kioo, raba nyembamba iliyo pembezoni mwa kifuniko, vizibo vya matundu, na utando mwembamba unaopitisha hewa na sauti lakini ukazuia maji. Vyote hivyo huchafuka, huchakaa na hulegea. Mwongozo huu unahusu namna ya kuvitunza, na pia namna ya kuibadilisha simu ifae kazi yako bila kuvivunja.

Kabla ya kununua

Anza kwa kusoma herufi IP na tarakimu zinazoifuata, ambazo zimewekwa na shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, katika kiwango chake namba 60529. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa, maana yake vumbi haliingii. Tarakimu ya pili inahusu maji: 7 ina maana kwamba simu ilizamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30, na 8 ina maana kwamba ilizamishwa katika masharti magumu zaidi ambayo mtengenezaji mwenyewe ameyataja. Ndiyo sababu simu mbili zenye IP68 zinaweza kutofautiana. Moja imepimwa kwa mita 1.5, nyingine kwa mita 2 au zaidi, na ni lazima usome maelezo ya kila moja. Alama ya IP69K inahusu jambo jingine kabisa, yaani maji ya moto ya nyuzi 80 yanayorushwa kwa nguvu kutoka karibu, na haithibitishi kwamba simu inaweza kuzamishwa. Mtengenezaji makini huziandika zote mbili, IP68 na IP69K, kwa kuwa kila moja ina kipimo chake.

Kuna jambo ambalo watu wa pwani wanapaswa kulizingatia kuliko wengine wote. Vipimo vya kuzamisha hufanyika kwa maji safi yasiyo na chumvi, na simu ikiwa mpya. Maji ya bahari, maji ya sabuni, mvuke wa chungu na maji ya bwawa yenye klorini hayamo katika kipimo hicho, na watengenezaji wengi hukataa dhamana simu ikiharibiwa navyo.

Alama ya pili utakayoiona ni MIL-STD-810G au 810H. Hiki ni kitabu cha mbinu za majaribio cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Toleo la G ni la mwaka 2008 na toleo la H ni la mwaka 2019. Jeshi halitoi cheti kwa simu za madukani. Mtengenezaji huchagua mwenyewe majaribio anayoyataka miongoni mwa mengi yaliyomo, kisha hutangaza kwamba simu yake imeyapita. Katika toleo la G, jaribio la kuangusha ni la mara 26 kutoka urefu wa mita 1.22, juu ya plaiwudi yenye unene wa sentimita 5 iliyolazwa juu ya zege, na inaruhusiwa kuzigawa zile mara 26 kwa simu hadi tano. Kwa hiyo usiichukue alama hii kama ahadi kwamba simu yako itaangukia kokoto za Mererani ikatoka salama kila mara. Ichukue kama dalili kwamba kuna mtu aliyefikiria suala la kuanguka wakati wa kuichora.

Baada ya hapo, uliza ni nani atakayeitunza simu hiyo kwa upande wa programu. Ugumu wa nje hauna faida kubwa ikiwa simu itakaa miaka minne mfukoni na masasisho ya usalama yalikoma mwaka wa kwanza. Simu nyingi za bei nafuu za aina hii kutoka Shenzhen, China, zina betri kubwa na kamera za kuonea gizani, lakini hupata masasisho machache sana. Kwa upande mwingine, Samsung Galaxy XCover6 Pro ya mwaka 2022 iliahidiwa miaka mitano ya masasisho ya usalama, na Nokia XR20 ya mwaka 2021 iliahidiwa miaka minne. Hata jina kubwa halitoshi peke yake: Bullitt, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikitengeneza simu zenye jina la CAT, ilifunga shughuli zake mwanzoni mwa mwaka 2024, na simu hizo zikabaki mikononi mwa watu bila mtengenezaji wa kuziangalia.

Ukinunua simu iliyokwisha kutumika, piga *#06# na ulinganishe namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) inayoonekana na ile iliyo kwenye boksi au kwenye lebo ya simu. Kwa aliyeko Tanzania, itume namba hiyo kwenda 15090 uone imesajiliwa kwa jina la simu gani; tangu simu bandia zilipozimwa mwezi Juni 2016, hakuna sababu ya kununua kwa kubahatisha. Kisha angalia skrubu ndogo za nyuma. Ikiwa vichwa vyake vimekwaruzwa na bisibisi, simu imefunguliwa, na ni lazima uulize iliwekewa raba mpya au la.

Ikiwa simu ina barometa (kihisi cha shinikizo la hewa), na simu ngumu nyingi zinayo, kuna kipimo rahisi ambacho ningependa kila mnunuzi akijue. Funga vizibo vyote, fungua programu yoyote inayoonyesha shinikizo la hewa, kisha kandamiza katikati ya kioo kwa vidole gumba viwili, kwa nguvu ya wastani, na usiachie. Kwa kuwa hewa ya ndani haina pa kutokea kwa haraka, namba itapanda na kubaki juu kwa muda. Ikiwa namba haisogei kabisa, au inapanda na kushuka papo hapo wakati vidole bado vimekandamiza, kuna mahali hewa inapita bila kizuizi, na penye hewa ya namna hiyo maji nayo yatapita. Kipimo hiki hakikuharibii kitu, na unaweza kukirudia kila baada ya miezi michache, na hasa kila simu inapotoka kwa fundi.

Raba, vizibo na chumvi

Nitaieleza kwa mfano wa XCover6 Pro, kwa kuwa betri yake ya mAh 4050 hutolewa kwa mkono na kwa hiyo raba yake huonekana wazi. Ukibandua kifuniko cha nyuma utaona mshipa mwembamba wa raba unaoizunguka sehemu ya betri. Unywele mmoja, punje moja ya mchanga au uzi wa nguo ukilala juu ya mshipa huo unatosha kuacha njia ya maji. Kabla ya kukirudisha kifuniko, pangusa raba hiyo pande zote kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo kwa maji safi, kaushe, iangalie chini ya mwanga ukiinamisha simu huku na huku, kisha bonyeza kifuniko kwa kidole gumba kuanzia kona moja na kuzunguka ukingo wote hadi urudi ulipoanzia. Usiridhike na mlio wa kwanza. Vifuniko vya namna hii vina vishikizo vingi, na kimoja kikiachwa wazi, IP68 haipo tena.

Usiipake raba mafuta ya kujipaka, grisi, petroli wala thina kwa nia ya kuilainisha. Mafuta huvimbisha aina nyingi za raba, na raba iliyovimba haikai tena katika mfereji wake. Spiriti ya isopropili itumie kwenye vikonyo vya shaba (sehemu za chuma zinazopitisha umeme) vya betri na vya chaji tu, na kwa kiasi kidogo.

Kwa simu zenye kizibo kwenye tundu la chaji, kizibo hicho ndicho huchakaa mapema kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa hufunguliwa na kufungwa kila siku. Kishikie karibu na mzizi wake unapokifungua, usikivute kwa kucha kwenye ncha. Wako wanaochaji kwa kituo cha sumaku au vikonyo vya nje, kama simu yao inavyo, na tundu wakaliacha limefungwa muda wote. Hiyo ndiyo njia bora kuliko zote. Simu nyingine hazina kizibo kabisa, kwa kuwa tundu lenyewe limezibwa kwa ndani. Hizo nazo ni salama, ilimradi usizichaji zikiwa na unyevu: umeme wa chaji unapopita kwenye vikonyo vilivyolowa, hasa kwa maji ya chumvi, shaba huliwa na kutu ya kijani ndani ya muda mfupi.

Simu ikiingia baharini, au hata ikirushiwa maji ya chumvi tu ndani ya mtumbwi, usiifungue na usiichaji. Ukiwa na uhakika kuwa vizibo vyote vimefungwa, isuuze kwa maji baridi yanayotiririka polepole, kwa dakika moja au mbili, ukiwa umeelekeza matundu ya spika na maiki chini. Ikung'ute kwa upole, ipanguse, kisha iache kivulini penye upepo hadi ikauke kabisa. Chumvi ikikaukia ndani ya tundu huvuta unyevu wa hewa kila siku na kuendelea kula chuma, hata miezi mingi baadaye, na ndiyo sababu kusuuza ni bora kuliko kupangusa peke yake. Usiizike ndani ya mchele. Mchele haunyonyi maji yaliyo ndani ya simu, bali huacha unga na vipande vidogo ndani ya matundu.

Matundu madogo ya maiki na spika yana ule utando nilioutaja mwanzoni. Kipini cha kutolea laini kikichomekwa kwenye tundu la maiki kwa bahati mbaya, utando huo hutoboka, na hakuna dalili yoyote utakayoiona hadi siku simu itakapozama. Vivyo hivyo, usiipulize simu kwa kompresa ya gereji ili kuondoa vumbi; shinikizo lake ni kubwa kuliko utando ulivyopimwa. Brashi laini ya meno iliyo kavu inatosha.

Joto, baridi na betri

Betri za lithiamu huumizwa na joto kuliko kitu kingine chochote, na simu iliyoachwa juu ya dashibodi au kwenye kishikizo cha pikipiki chini ya jua la saa saba mchana, huku ikichajiwa na kuonyesha ramani, inapata joto la aina zote kwa pamoja. Ichaji asubuhi au usiku, na ukiwa safarini iweke penye kivuli. Ukiweza kuishi kati ya asilimia 20 na 80 ya chaji, betri itadumu zaidi. Simu kadhaa zina mpangilio wa kuzuia chaji isivuke kiwango fulani, na nakushauri uuwashe.

Betri iliyovimba ni hatari ya moto, na zaidi ya hapo hukisukuma kifuniko au kioo kwa ndani na kuachanisha gundi. Ukiona kioo kimeinuka upande mmoja, au kifuniko hakikai sawa, usikikandamize kirudi. Zima simu, ondoa betri ikiwa inatoka kwa mkono, na uipeleke inakopokelewa taka za elektroniki. Usiitoboe kamwe.

Kwa wanaopanda Kilimanjaro hadi mita 5,895, tatizo ni kinyume chake. Katika baridi kali betri hushuka ghafla na simu inaweza kuzima ikiwa na asilimia 40. Hiyo si hitilafu. Ipashe joto ndani ya koti karibu na mwili na chaji itarudi. Usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa kuwa hapo ndipo betri hudhurika kwa kudumu.

Simu inapofunguliwa

Kioo kikipasuka utalazimika kwenda kwa fundi, na hapa ndipo simu ngumu nyingi hugeuka kuwa simu za kawaida zenye kava nene. Fundi hupasha ukingo wa kioo joto, hukata gundi ya kiwandani, hubadilisha kioo na kuirudisha simu kwa gundi ya kopo. Kazi inaweza kuwa safi machoni, lakini kiwango cha IP kilichoandikwa kwenye boksi hakiwezi tena kuhesabiwa. Muulize fundi kabla hajaanza: je, unao utepe wa gundi uliokatwa kwa mfano wa simu hii? Je, utaondoa mabaki yote ya gundi ya zamani? Ikiwa atatumia gundi kama B-7000, isiguswe na maji kwa siku mbili hivi, kwa kuwa hukauka polepole. Kisha ipime kwa barometa kama nilivyoeleza. Hata ikipita, mimi ningeichukulia kama simu inayostahimili mvua na vumbi, wala nisingeizamisha kwa makusudi.

Kuibadilisha ifae kazi

Mabadiliko ya nje ndiyo yenye faida kubwa na hatari ndogo. Kamba ya mkononi iliyofungwa kwenye tundu lake huzuia ajali nyingi kuliko kava yoyote. Ukibandika protekta ya kioo, washa mpangilio wa kuongeza wepesi wa mguso, ambao pia hukuwezesha kutumia simu ukiwa umevaa glavu nyembamba. Usitoboe tundu jipya wala kukaza skrubu ya kishikizo katika mwili wa simu. Nimeona watu wakifanya hivyo ili kuifunga kwenye usukani, na tundu moja tu humaliza kila kitu nilichokieleza hapo juu. Na kwa wanaofanya kazi ya kuchomelea au kusaga chuma, epuka vichwa vya chaji vya sumaku vinavyobaki ndani ya tundu: vumbi la chuma hujikusanya hapo na linaweza kuunganisha vikonyo visivyopaswa kuungana.

Simu nyingi za aina hii zina kitufe cha ziada pembeni. Kipangie jambo moja unalolihitaji mikono ikiwa imeshikwa na kazi, kwa mfano kuwasha tochi, au kuzungumza kwa kubonyeza kama redio ya upepo kupitia programu kama Zello. Usikipangie mambo matatu kwa mpigo, kwa kuwa penye dharura utakosea.

Programu zisizohitajika zilizokuja na simu unaweza kuziondoa kupitia kompyuta bila kuvunja kufuli la mfumo (bootloader), yaani kufuli linalozuia mfumo usio rasmi kuwekwa. Washa chaguo za wasanidi (Developer options) katika mipangilio ya simu, ruhusu utatuzi wa USB (USB debugging), kisha kwa kutumia adb, programu ya kompyuta inayotuma amri kwa simu, andika amri hii: adb shell pm uninstall --user 0, ikifuatiwa na jina la kifurushi, yaani jina la ndani la programu hiyo. Amri hiyo huiondoa programu kwa mtumiaji wako tu, na ile ya asili hubaki ndani ya mfumo, kwa hiyo ukikosea unaweza kuirudisha kwa adb shell cmd package install-existing na jina lile lile. Ondoa moja, tumia simu siku nzima, kisha uondoe nyingine. Ukiondoa ishirini kwa pamoja na simu ikaanza kusumbua, hutajua ni ipi iliyosababisha.

Kufungua kufuli la mfumo na kuruti (kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo) ni hatua nyingine kabisa. Kufungua hufuta data zote zilizomo. Kwenye simu za Samsung, kuweka mfumo usio rasmi huchoma fyuzi ya kielektroniki ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, ambayo hairudi tena, hata ukirejesha mfumo wa kiwandani. Aidha, programu za benki na za fedha za simu hukagua hali ya kifaa kwa mfumo wa Google uitwao Play Integrity, na zinaweza kukataa kufunguka. Kwa mtu ambaye simu yake ndiyo pochi yake, gharama hiyo naiona ni kubwa mno. Afadhali afanye majaribio kwenye simu ya pili.

Ukiamua kuflashi (kuiwekea mfumo upya kutoka kompyuta) simu yenye chipu ya MediaTek, ambazo ni nyingi katika kundi hili, hifadhi kwanza nakala ya sehemu za kumbukumbu ya simu ziitwazo nvram na nvdata. Humo ndimo ilimo IMEI pamoja na vipimo vya redio vya simu hiyo hiyo, wala haviwezi kuazimwa kutoka simu nyingine. Katika programu ya SP Flash Tool usichague kamwe Format All + Download, kwa kuwa hufuta sehemu hizo na simu hubaki bila mtandao. Ukishamaliza, piga *#06# na ulinganishe na boksi. Namba ikiwa imepotea, rejesha nakala yako mwenyewe, wala usiandike namba nyingine, kwa kuwa kubadilisha IMEI ni kosa la jinai nchini Tanzania. Na usilifunge tena kufuli la mfumo ikiwa ndani kuna mfumo uliobadilishwa, maana simu inaweza kukataa kuwaka kabisa. Rejesha kwanza mfumo wa kiwandani wa toleo lile lile au jipya zaidi, hakikisha inawaka na kupata mtandao, ndipo ulifunge.